Bastola Imara Ni Moja, ya Kutegemewa Ni Nyingine

Mtu akitaka ushauri wa kununua bastola, karibu kila mara huanza na jina: Glock au Beretta, CZ au SIG? Nadhani hapo tunaanzia mwisho. Kuna mambo mawili ambayo wanunuzi huyachanganya kila siku. Uimara ni uwezo wa bastola kustahimili miaka na maelfu ya risasi bila chuma kupasuka. Kutegemewa ni kufyatua kila unapovuta kifyatulio, hata ikiwa na vumbi, kwa risasi ulizo nazo siku hiyo. Zipo bastola za chuma kizito ambazo wajukuu watazirithi, ila zinachagua risasi na kukwama zikilishwa aina zisizozipenda. Zipo pia ndogo za mfukoni zinazofyatua vizuri, lakini hazikuundwa kwa mazoezi ya kila wiki. Anayeweka silaha kwa ajili ya kujilinda anahitaji yote mawili, na njia ya uhakika zaidi ya kuyapata ni kununua muundo wa zamani.

Simaanishi bastola iliyochakaa. Namaanisha muundo uliokaa mikononi mwa askari wengi kwa miaka mingi, hadi kasoro zake zikajulikana na kurekebishwa. Majaribio ya kijeshi ni makali, lakini hayaoni kila kitu. Jeshi la Marekani liliichagua Beretta 92 mwaka 1985 na kuiita M9. Baada ya muda mfupi slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma na mbele kila risasi ikipigwa) za baadhi ya bastola hizo zilipasuka zikiwa kazini, vipande vikarudi nyuma na kuwajeruhi wafyatuaji. Watu walibishana sana kama kosa lilikuwa la chuma au la risasi zenye nguvu kupita kiasi. Kilichobaki ni dawa yake: pini ya nyundo ilipewa kichwa kikubwa zaidi, ili slaidi ikivunjika isiweze kumfikia mtu usoni. Januari 2017 jeshi hilohilo liliichagua SIG P320. Agosti ya mwaka huo kampuni ilitangaza kuzifanyia marekebisho bila malipo zile zilizouzwa kwa raia, kwa kuwa iligundulika zinaweza kufyatuka zikidondoka kwa pembe fulani. Kwa hiyo modeli iliyotoka mwaka huu, hata iwe nzuri vipi, waachie wengine waijaribu kwanza.

Kwa kipimo hicho orodha inakuwa fupi. Glock 17 ilichukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982. Fremu yake ya polima, yaani plastiki ngumu, haishiki kutu, na imeundwa kwa sehemu chache. Kifyatulio chake sikipendi, lakini ladha yangu haiondoi ukweli kwamba bastola hiyo haichoki. CZ 75 na Beretta 92 ni nzito zaidi, na uzito huo hupunguza teke la bastola mkononi. Mimi ningebaki kwenye bastola ya risasi za milimita 9, kwa sababu ni rahisi kupata risasi zake na mtu anaweza kufanya mazoezi nazo bila kufilisika.

Kuhusu rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi, kuna imani kwamba haikwami kamwe. Ni kweli kwamba fataki ya risasi moja (kiwashio kilicho kwenye kitako chake) ikikataa kuwaka, unavuta kifyatulio tena na silinda inaleta nyingine. Ndiyo maana Smith & Wesson Model 10, ambayo ukoo wake unaanzia 1899, bado inaheshimiwa. Lakini uchafu ukiingia chini ya nyota inayosukuma maganda, silinda inaweza kugoma hadi uusafishe. Na silinda ikipoteza ulinganifu na mtutu, hutaitengeneza hapo ulipo. Inabidi uipeleke kwa fundi wa silaha.

Ukubwa nao una neno lake, na hapa wanunuzi wengi huteleza. Wanachukua bastola ndogo kabisa kwa sababu inafichika. Slaidi fupi ina safari fupi: ndani ya nafasi hiyo ndogo lazima itoe ganda, irudi na ilishe risasi mpya. Springi inakuwa ngumu na nafasi ya kukosea inakaribia kwisha. Mkono ukilegea kidogo, fremu inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haimalizi mwendo wake, na ganda linabanwa mlangoni. Ya ukubwa wa kati humsamehe mtu mambo mengi.

Hata hivyo, bastola nzuri ikikwama, mimi humtazama kwanza mshukiwa mmoja: magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Midomo yake ikipinda hata kidogo, risasi inapanda kwa pembe mbaya. Springi yake ikichoka, risasi inachelewa kupanda na slaidi inapita bila kuikuta. Nunua magazini za kiwandani, uzitie namba, na ile inayokwama zaidi ya mara moja usiibembeleze, iondoe kwenye matumizi. Springi ya slaidi nayo ni kifaa cha kubadilishwa: bastola nyingi za milimita 9 zinataka mpya kila baada ya risasi 3,000 hadi 5,000, na kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho. Mafuta weka kidogo kwenye reli za slaidi, wala usiyamimine kwenye tundu la pini inayopiga fataki, maana huko hukusanya masizi na pigo linadhoofika.

Bastola mpya usiiamini kwa sababu ni mpya. Ipeleke kwenye kiwanja cha shabaha, ipige risasi mia mbili hivi, zikiwemo zile hasa unazokusudia kuiwekea, kwa kila magazini uliyo nayo. Ikikwama, andika ni magazini ipi na risasi ipi, maana tatizo likirudia mahali palepale fundi atajua pa kuanzia.

Aliyetumia kabla yako naye huacha alama zake. Ukinunua ya mkononi, yenye kibali na nyaraka zote za kisheria, toa magazini, vuta slaidi nyuma, hakikisha chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, ni tupu kwa jicho na kwa kidole. Kisha fungua bastola na uuangalie mtutu kwenye mwanga. Mikwaruzo ya nje haina madhara. Vishimo vya kutu ndani ni sababu ya kushusha bei au kuondoka. Lakini ukiona pete nyeusi inayozunguka ndani ya mtutu, au ukipitisha vidole nje ukahisi uvimbe, risasi iliwahi kunasa humo na nyingine ikapigwa nyuma yake. Mrudishie muuzaji bastola yake, hata kama anakupunguzia nusu ya bei.