Vyuo vyao vina foleni, vyetu vimo sandukuni

Tiketi yangu iliandikwa saa ya kuingia: saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nilifika robo saa kabla, nikaambiwa ningoje kama wenzangu. Mbele yangu kulikuwa na familia ya Wabrazili, nyuma yangu wazee wa Kifaransa na fimbo zao, na jua la Julai limeshatanda ua mzima. Sote tumelipa, sote tunangoja zamu ya kuingia maktaba ambayo hakuna kati yetu aliyekusudia kusoma humo hata ukurasa mmoja. Tumekuja kuvitazama vitabu vikiwa rafuni.

Mimi ni mtoto wa Kilwa Kivinje, nimesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa sita niko Lisbon, Ureno, nahudumia wazee majumbani mwao. Likizo zangu nyingi zimeishia kitandani, au kwenye simu nikizungumza na nyumbani. Safari hii nikapanda treni, kama saa mbili hivi kuelekea kaskazini, nikaone Chuo Kikuu cha Coimbra.

Chuo hicho kilianzishwa Lisbon mwaka 1290, kikahamahama, mpaka mwaka 1537 kilipotulia Coimbra kwa amri ya Mfalme João III, ambaye sanamu lake limesimama pale uani. Kabla ya kuwa chuo, jumba lile lilikuwa la wafalme, na kabla ya wafalme hao ilikuwa ngome ya watawala Waislamu. Habari hiyo ya mwisho mwongozaji aliitaja kwa sentensi moja, akapita. Juu ya ua kuna mnara wa kengele ambayo wanafunzi wameibatiza Mbuzi, kwa vile ndiyo iliyokuwa ikiwaamuru saa za masomo. Wanafunzi wenyewe niliwaona wachache, wamevaa majoho yao meusi.

Kisha tukaingia. Maktaba inaitwa Joanina, kwa jina la Mfalme João V aliyeijenga, kuanzia 1717 hadi 1728. Ni vyumba vitatu vinavyofuatana, rafu zimepanda mpaka karibu na dari, zimepakwa rangi za kijani, nyekundu na nyeusi na kunakshiwa kwa dhahabu, na ukutani mwishoni ipo picha ya mfalme mwenyewe. Kuta zake zina unene unaozidi mita mbili, ili joto la nje na unyevu visiwafikie wakazi wa ndani, yaani vitabu. Rafu ni za mti wa mwaloni, ambao wadudu hawaupendi. Na wadudu wanaothubutu kuingia wana mlinzi wao: popo. Naam, popo. Wanaishi humo, wanatoka usiku kuwinda wadudu wanaotafuna karatasi, na kila jioni wafanyakazi huzifunika meza kwa ngozi ili kinyesi kisiharibu mbao, asubuhi wakafagia na kufunua. Kwetu popo akionekana darini tunatafuta fagio. Nilisimama pale nikiwaza ni uvumilivu wa namna gani huo, kuzifunika meza kila jioni, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya karatasi.

Vingi kati ya vitabu hivyo ni vya Kilatini. Nilimuuliza mama mmoja Mreno tuliyekuwa kundi moja kama anaweza kusoma mgongo wa kitabu kilicho mbele yetu. Akacheka, akasema hapana, hata mumewe hawezi, hata watoto wao. Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko dhahabu yote ya mle ndani.

Maana hapo nilimkumbuka babu yangu mzaa mama. Alikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake vyuo. Sisemi vyuo vya kusomea. Wazee wa pwani walipotaja chuo walimaanisha kitabu. Ndiyo maana Utendi wa Tambuka, shairi refu la kale la Kiswahili, una jina lake jingine, Chuo cha Herekali. Mtoto akienda kusoma Kurani anakwenda chuoni, na mwanafunzi wa shahada naye yuko chuo kikuu. Lugha yetu ilianza na kitabu, ikakifanya kitabu kuwa shule, ikaifanya shule kuwa kubwa. Kisha sisi wenyewe tukasahau kwamba kitabu ndicho kilichotangulia.

Utendi huo ni wa mwaka 1728, kutoka Pate. Mwaka uleule ambao maktaba ya João V ilikamilika! Na ni mwaka uleule ambao Wareno walirudi Ngome ya Yesu pale Mombasa, wakafukuzwa tena mwaka 1729. Mfalme mmoja anamaliza nyumba ya vitabu huko kwao na askari wake wanaingia ngomeni huku kwetu, na kisiwani Pate mshairi anasarifu beti zake. Waongozaji wa Coimbra hawana sababu ya kuyajua haya. Sisi tunayo.

Najua mtu atasema: dada, usisahau dhahabu ile ilitoka wapi. Sijasahau. Utajiri wa João V ulitoka kwenye machimbo ya Brazili, na waliochimba walikuwa watumwa, Waafrika. Hapa Lisbon, kwenye jumba la makumbusho la sanaa za kale, kuna chombo cha ibada kilichofuliwa mwaka 1506 kwa dhahabu ambayo Vasco da Gama aliichukua kwa mtawala wa Kilwa kama kodi. Kilwa yangu. Mwaka 1505 Almeida, jemadari wa Wareno, aliteka mji wenyewe na kuupora. Nilipokiona chombo kile mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi mpaka mlinzi akanifuata kuniuliza kama najisikia vibaya. Kwa hiyo sisifu utunzaji wa Wareno nikiwa nimefumba macho. Lakini uchungu huo haujibu swali ninalotaka kuliuliza: na vile ambavyo hawakuvichukua, tumevifanyia nini?

Barua za kale kabisa za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Mmoja wa walioandika ni mwanamke, Mfalme Fatima. Ziko Goa, India, kwenye nyaraka za Wareno, na ziko salama. Mimi nimezaliwa Kilwa, nimemaliza shule Kilwa, nimepata shahada Dar es Salaam, na habari za Mfalme Fatima nilizisoma Ulaya, usiku, baada ya zamu. Hilo linaniuma.

Tusidanganyane kwamba nyumbani hakuna kitu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko mkubwa wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu, iliyokusanywa kwa wenyewe huko pwani. Orodha yake iliandaliwa na mtaalamu wa Kiswahili J. W. T. Allen na kuchapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970. Nilisoma pale miaka mitatu. Nilipita chini ya Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa umechorwa kwenye noti ya zamani ya shilingi mia tano, sijui mara ngapi. Hakuna aliyeniambia kwamba hatua chache kutoka nilipokuwa nakaa kunakili madokezo kuna tenzi zilizoandikwa kwa mkono na watu wa kwetu. Mwaka 2018 tukafunguliwa maktaba mpya, kubwa, ya kupendeza, kwa msaada wa China. Nimeifurahia kwa dhati. Ila mtalii anayeshuka Dar anapelekwa sokoni, ufukweni, kisha boti ya Zanzibar. Na Mtanzania mwenzangu anayetaka kumwonyesha mwanawe mswada wa utenzi, ampeleke wapi Jumamosi?

Niliwahi kujaribu mahali fulani, sitapataja. Nilikuwa likizo, nimevaa vizuri, nina kitambulisho. Mlinzi akataka barua ya utambulisho. Nikamwambia mimi si mtafiti, nataka kuona tu. Akanitazama kwa huruma kabisa, akasema: "Kuona tu haipo, dada." Hakuwa na kosa. Hakuna aliyempa utaratibu wa mtu anayetaka kuona tu. Coimbra utaratibu huo upo, una saa na dakika, na pesa ya tiketi inarudi kwenye paa na rafu.

Wengine husema hewa ya pwani haifai, karatasi haidumu. Wazee walilijua hilo kabla yetu, na dawa yao ilikuwa kunakili. Chuo kikichakaa, mtu mwenye hati nzuri anakaa anakiandika upya, na mjukuu wake naye hivyo hivyo. Hawakuwa na kuta za mita mbili. Walikuwa na mikono. Mnyororo huo ulikatika shule za kikoloni zilipoleta herufi za Kilatini na vijana wakaacha khati ya wazee. Mimi nasoma msahafu bila shida, lakini nikipewa Kiswahili kwa herufi hizohizo nakwama. Herufi ba inabeba b, p na mb, irabu e na o hazina alama zake, na neno moja laweza kuwa pata, bata au mbata mpaka ulione limekaa kwenye sentensi gani. Inahitaji mwalimu.

Hapo ndipo jibu la yule mama linaponirudia. Wareno wengi hawasomi Kilatini, na sijasikia hata mmoja akisema basi vitabu vile tuviache viliwe. Kwetu nimesikia. Nimesikia ndani ya familia yangu: hayo makaratasi ya babu hakuna anayejua yameandikwa nini, yanajaza nafasi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu na mimi sikujua yameandikwa nini.

Usiku ule niliporudi Lisbon nilimpigia shangazi, ambaye ndiye anayeishi kwenye nyumba ile sasa. Baada ya salamu ndefu na habari za kila mtu nikamuuliza sanduku la babu liko wapi. Akasema lipo, chini ya kitanda cha chumba cha uani, juu yake kuna magunia ya mbaazi. Nikamwomba ayatoe magunia, alinyanyue juu ya matofali, anyunyize majivu pembeni kwa ajili ya mchwa, na asilifungue mpaka nije Desemba. Kuna mwalimu wa madrasa pale mtaani ambaye baba yake alikuwa mnakili. Nikamwomba amwulize kama bado anaisoma khati ya Kiswahili.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, huyo ana miaka themanini na mbili. Desemba ni mbali. Tuma nauli kidogo, nimpigie bodaboda aje kesho."