Mnara wa Annapolis na Sultana yetu

Huu ni mwaka wangu wa tisa Maryland. Kila mgeni akinijia kutoka Unguja, humpeleka Annapolis, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi la majini, akauone mnara mweupe wa marumaru. Ni miongoni mwa minara ya kijeshi mikongwe zaidi huku Marekani. Ulichongwa Italia mwaka 1806, na maafisa wenyewe ndio waliochanga fedha kuwakumbuka wenzao sita waliofia vitani Tripoli, Libya ya leo.

Walipopata uhuru, Wamarekani waliuza manowari zao hadi ya mwisho, mwaka 1785. Mwaka huohuo maharamia wa Algiers, Algeria ya leo, wakawateka merikebu mbili. Ikabidi walipe ili wapite salama. Mwaka 1801 Yusuf Karamanli, mtawala wa Tripoli, alidai zaidi, akaukata mlingoti wa bendera yao, vita vikaanza. Oktoba 1803 manowari yao Philadelphia ikapanda mwamba, watu 307 wakatekwa. Februari iliyofuata Stephen Decatur aliingia bandarini usiku akaichoma moto, adui asiitumie. Amani ya 1805 waliifunga kwa kutoa dola 60,000 za kuwakomboa mateka.

Nawaheshimu watu hawa kwa kutunza kumbukumbu. Taifa lilikuwa changa, halina kitu, na bado majina ya wafu wake yakachongwa. Lakini nina neno. Septemba 1804 chombo Intrepid, kilichopakiwa baruti, kililipuka mbele ya Tripoli na watu 13 ndani yake. Maafisa wao watatu wamo kwenye mnara. Mabaharia kumi hawamo.

Na sisi je? Mwaka 1840 merikebu ya Seyyid Said, Sultana, ilitoka Unguja ikafika New York, ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman. Watu wa New York walimchora picha. Nyumbani nilisoma hadi sekondari bila kulisikia jina lake. Nimelijulia huku ugenini, na iliniuma. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akizijua nyota na pepo zote, akatuachia masimulizi ya barazani tu, nayo yanapungua kila tukizika mzee.

Nataka jiwe pale Forodhani, watoto walisome wakitoka chuoni. Liandikwe Sultana, 1840, na yatafutwe majina ya mabaharia wake. Wao waandikwe kwanza, nahodha afuate.