Swichi ya Majaribio Ikae Wapi: Ndani ya Skripti au Ndani ya Mashine?

Mwaka 2019 PowerShell, lugha ya kuandikia skripti (yaani orodha za amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe), ilikuja katika toleo la 6.2 na amri mbili ambazo majina yake yanajieleza: Enable-ExperimentalFeature ya kuwasha kipengele cha majaribio, na Disable-ExperimentalFeature ya kukizima. Perl, lugha nyingine ya skripti, ilikuwa imetangulia kwa njia yake tangu mwaka 2007, pale toleo la 5.10 lilipoanza kumtaka mwandishi aandike mstari wa use feature juu ya skripti yake kabla ya kutumia baadhi ya maneno mapya ya lugha. Nia ya wote wawili inakaribiana: jambo jipya liingie katika lugha likiwa limefungwa, alitumie anayelitaka, na wenye lugha wapate nafasi ya kulifikiria tena. Naamini nia hiyo ni njema na inastahili kutetewa. Ninachokipinga ni mahali ambapo swichi huwekwa, kwa sababu swichi iliyo nje ya skripti humdhuru mtu ambaye hakuigusa wala hajui kwamba ipo. Nasema kuwasha na kuzima, si kuwezesha na kulemaza kama tafsiri nyingi za kompyuta zinavyopenda, kwa kuwa kipengele kilichozimwa hakikupata kilema chochote. Kipo kamili, kinangoja.

Upande wa kutetea una ushahidi mzito, na mfano ninaouamini zaidi ni ule wa Perl kuruhusu majina ya vigezo, yaani thamani ambazo kazi (kipande cha programu kilichopewa jina) hupokea, yaandikwe kwenye mabano mara baada ya jina la kazi hiyo. Jambo hilo liliingia kama jaribio katika toleo la 5.20 mwaka 2014. Mwaka uliofuata, katika toleo la 5.22, mahali pa mabano hayo palihamishwa kutokana na maoni ya watu waliokuwa wakilitumia. Mwaka 2018, katika toleo la 5.28, yakarudishwa yalipokuwa mwanzo. Mwaka 2022, katika toleo la 5.36, ndipo lilipotoka katika majaribio. Miaka minane ni mingi, na wapo watakaoiita uvivu. Mimi naiona kuwa bei halali, kwa sababu sarufi ya lugha ikishakubaliwa rasmi haihamishwi mara mbili bila kuvunja kazi za maelfu ya watu. Hapa ilihamishwa mara mbili, na aliyepata usumbufu ni yule tu aliyekuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anakubali kusumbuliwa. Tena kosa la mwaka 2015 lisingeonekana kwenye karatasi ya mapendekezo. Lilihitaji watu walitumie katika kazi za kweli.

Upande wa pili, hata hivyo, haujengwi na waoga tu. Mazoea hayasomi onyo. Mtu akitumia kipengele kwa miaka mitatu, katika skripti arobaini, kwake hicho si jaribio tena, hata kama kila asubuhi mashine inamwandikia kwamba ni jaribio. Na kwa kawaida ataandika mstari wa kulinyamazisha onyo hilo ndani ya wiki ya kwanza. Perl yenyewe iliionja shida hii kwa alama ya ~~, inayolinganisha vitu viwili kwa kukisia namna inayofaa kuvilinganisha. Iliingia mwaka 2007 pamoja na maneno given na when, yanayochagua hatua ya kufuata kulingana na thamani. Maneno yale yalihitaji mstari wa kuyawasha, lakini alama yenyewe haikuhitaji chochote, na ni mwaka 2013 tu, katika toleo la 5.18, ilipopewa jina la jaribio. Kufikia hapo ilikwisha kutapakaa. Toleo la 5.38 la mwaka 2023 lilitangaza kwamba vyote vitaondolewa katika 5.42, lakini toleo hilo lilipotoka mwaka 2025, viliachwa vibaki, na alama ~~ sasa ikiwa na swichi inayozimwa na anayeandika use v5.42. Kwa maneno mengine, swichi iliyostahili kuwapo siku ya kwanza ilifika baada ya miaka kumi na minane, na kazi yake ikawa kuwakinga wapya dhidi ya kitu ambacho wa zamani hawawezi tena kunyang'anywa.

Wapinzani wa vipengele vya majaribio huutaja mkasa huu kama ushahidi wao. Nimeufikiria kwa muda mrefu, na naona unathibitisha kinyume. Kilichokosekana mwaka 2007 si uangalifu wa kuacha kujaribu. Kilichokosekana ni jina la jaribio tangu mwanzo, na mlango ambao kila mtumiaji wa alama ile angelazimika kuufungua mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kazi yangu hapa Lamu ni kuandika skripti ndogo za kutunza kumbukumbu, na ofisi moja niliyoihudumia ina tawi Faza, katika kisiwa cha Pate. Kila mwisho wa wiki skripti ilipaswa kubana mafaili ya wiki kwa kutumia programu ya nje, kuyaweka kwenye diski ya kando, kisha kufuta yale ya zamani ili kompyuta isijae. Nilikuwa natumia PowerShell 7.3, iliyotoka Novemba 2022, na katika mashine yangu nilikuwa nimewasha kipengele cha majaribio kinachoifanya skripti isimame programu ya nje inapotoa ishara ya kushindwa. Bila kipengele hicho PowerShell huendelea na mstari unaofuata kana kwamba hakuna kilichoharibika. Niliijaribu skripti kwa kuijaza diski makusudi. Ikasimama, nikaridhika, nikaiweka kwenye flashi na kumpa nahodha wa mashua.

Mashine ya Faza ilikuwa na toleo lile lile la 7.3. Swichi haikuwa imewashwa. Ndani ya skripti nilikuwa nimeandika kibadilika kinachokiongoza kipengele kile, lakini mahali ambapo kipengele kimezimwa kibadilika hicho ni jina tu lenye thamani. Mashine hulipokea, hailalamiki, wala hailifanyii kazi yoyote. Diski ilijaa, programu ya kubana ikashindwa, na skripti ikasonga mbele kufuta. Mwenzetu wa Faza, mtu mwangalifu kuniliko, alifuata kila hatua niliyomwandikia. Mashua za Pate hungoja maji yajae ndipo zipite mkondo wa Mkanda, kwa hiyo nilifika siku iliyofuata, tukakaa siku mbili tukiandika upya kumbukumbu zilizofutwa kutoka kwenye vitabu vya risiti.

Kosa ni langu, na silisukumii mtu mwingine. Lakini linaonyesha tofauti ambayo mijadala mingi huiruka. Katika Perl mstari wa kuwasha hukaa ndani ya skripti na husafiri nayo; mashine isiyokijua kipengele hukataa skripti tangu mwanzo, kabla ya kugusa faili lolote. Katika PowerShell uamuzi huandikwa kwenye faili la mipangilio, powershell.config.json, la mtumiaji mmoja au la watumiaji wote wa kompyuta, na huanza kufanya kazi pale programu inapofunguliwa upya. Skripti mbili zinazofanana herufi kwa herufi, juu ya toleo moja, zinaweza kutenda mambo mawili tofauti, na anayezisoma hataona sababu. Mstari wa #Requires, ambao skripti huutumia kudai toleo fulani au moduli (kifurushi cha amri) fulani, hauna neno la kudai kipengele cha majaribio. Hatari huzidi kwa anayetumia matoleo ya preview ya PowerShell, yale yanayotolewa kabla ya toleo rasmi, kwa kuwa humo vipengele vyote vya majaribio huja vikiwa vimewashwa, na mtu anaweza kuvitegemea bila kukumbuka kwamba aliwahi kuchagua chochote.

Haki inanitaka niseme kwa nini walifanya hivyo. Baadhi ya vipengele hugusa mambo ambayo hayawezi kungoja skripti isomwe, na uamuzi wake lazima ujulikane injini inapoamka. Pia yupo msimamizi wa mashine nyingi anayetaka kuzima jaribio kwa watu wote kwa amri moja, na kwake swichi iliyo ndani ya kila skripti ni mzigo. Wenye PowerShell nao wameonya wazi katika maelezo yao kwamba vipengele hivi havikusudiwi kwa kazi za kila siku. Nayakubali yote matatu. La tatu, hata hivyo, halinishawishi vya kutosha: onyo humfikia anayewasha, ilhali aliyeumia Faza hakuwasha kitu wala hakuwa na sababu ya kulitafuta onyo hilo.

Hivyo napima namna hii. Kipengele kinachoongeza tu, kama alama mpya ambayo mashine isiyoijua itaikataa palepale, kinaweza kuwashwa kwenye mashine bila madhara makubwa. PowerShell ilikuwa na alama za aina hiyo katika 7.0, na zilipoingia rasmi katika 7.1 hakuna aliyezitumia mapema aliyehitaji kubadili mstari. Kipengele kinachogeuza maana ya mistari iliyopo ni jambo jingine kabisa. Hicho skripti ingepaswa kukidai kwa jina, na mashine isiyokuwa nacho ingepaswa kusimama na kusema.

Kwa sasa kudai huko ni kazi ya mwandishi. PowerShell hutunza orodha ya vipengele vilivyowashwa katika kibadilika $EnabledExperimentalFeatures, na skripti ya Faza sasa huanza kwa kuitazama orodha hiyo. Isipokiona kipengele, huandika kwa Kiswahili kinachokosekana na kuacha mafaili yalivyo. Kipengele chenyewe kilitoka katika majaribio kwenye toleo la 7.4, Novemba 2023, kwa hiyo mashine itakapopandishwa toleo jina lake halitaonekana tena katika orodha ile, ijapokuwa sasa kitakuwa kinapatikana daima. Ukaguzi wangu utakikosa na kuisimamisha skripti iliyo sawa, na ndiyo maana juu ya mstari huo nimeongeza mwingine wa kuuliza namba ya toleo kwanza.