Mlio wa Shingo na Nafuu Yake

Kuna watu ambao wasiposikia "ko!" shingoni hawaamini kama wametibiwa. Mtaalamu wa tiba ya mikono anakishika kichwa, anakizungusha taratibu hadi shingo inapogoma, kisha anakisukuma ghafla. Mlio unatoka, mgonjwa anashusha pumzi na kusema pingili, yaani kifupa cha shingo, imerudi mahali pake. Haijarudi popote, maana haikuwa imetoka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili, vidole vikialishwa, wakaona mlio unaendana na uwazi wa hewa unaojitokeza ghafla ndani ya ute wa kiungo. Viungo vidogo vya shingo vina ute kama huo.

Hapo wanaobeza tiba ya mikono hushangilia mapema mno. Maelezo yanaweza kuwa ya uongo na nafuu ikawa ya kweli. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2012, watu 272 wenye maumivu ya shingo waligawanywa makundi matatu: wa kusukumwa pingili, wa dawa, na wa mazoezi ya nyumbani. Baada ya wiki 12, waliosukumwa pingili walikuwa na maumivu madogo kuliko waliomeza dawa. Watetezi wa tiba hii huinukuu sana habari hiyo, ila wengi huishia hapo. Kundi la mazoezi, lililofundishwa katika vikao viwili tu, lilipata nafuu inayokaribiana na ya waliosukumwa.

Hoja nzito zaidi ni ya hatari. Ateri mbili, yaani mishipa ya damu, hupanda kuelekea kwenye ubongo zikipita katika vitundu vya pingili za shingo, na karibu na fuvu zinapinda kona kali. Ukuta wa ateri ukichanika hapo, damu huganda na kiharusi kinaweza kufuata. Ni tukio la nadra sana. Watetezi wana jibu, tena si jepesi: utafiti wa Ontario uliotoka mwaka 2008 ulionyesha kwamba kiharusi cha aina hii kilihusiana pia na kwenda kwa daktari wa kawaida, asiyesokota shingo ya mtu. Huenda basi ateri ilikwisha kuchanika, na maumivu yake ndiyo yaliyompeleka mgonjwa kutafuta tiba.

Nakubali. Lakini jibu hilo linawageukia wenyewe: ikiwa miongoni mwa wanaolalamikia shingo yumo mwenye ateri iliyochanika tayari, huyo ndiye hasa asiyepaswa kusokotwa, naye anafanana na wengine wote waliolala vibaya.

Ingekuwa hakuna njia nyingine, tungepima faida na hatari. Ipo. Mgonjwa analala chali, vidole vya mtaalamu vinaingia chini ya shingo, vinasukuma pingili moja kidogo na kuiachia, kwa mdundo wa polepole, kwa dakika moja hivi. Kisha mgonjwa anaambiwa ageuze kidevu kuelekea begani waone kama kimesogea zaidi ya mwanzo. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili hazijaonyesha kwamba msukumo wa ghafla unaizidi sana hii ya upole. Sioni basi sababu ya kuung'ang'ania, isipokuwa huo mlio.

Hata upole huo una mipaka, kwani shingo iliyolegezwa leo isipofanyishwa kazi hukaza tena. Mazoezi yafuate papo hapo, maumivu yakiwa yamepungua: kuvuta kidevu nyuma kama anayetaka kujitengenezea kidevu cha pili, kurudisha mabega nyuma, kugeuka huku na huku. Ni kazi ya kuchosha isiyo na mlio wowote, na pengine ndiyo maana wengi huiacha siku ya tatu.

Kabla ya yote hayo yapo maswali. Mikono inakufa ganzi? Unaangusha vitu? Miguu inayumba? Uliwahi kuanguka au kupata ajali karibuni? Kichwa kilianza kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au unaona vitu viwiliviwili? Jibu likiwa ndiyo, huyo ni wa hospitali kwanza. Mtaalamu anayekamata kichwa changu bila kuuliza hata moja, mimi huinuka nikavaa viatu.