Palm ilifaulu, The World je?

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema visiwa vya kutengenezwa vya Dubai vinathibitisha kwamba ukijenga anasa baharini, watalii watakuja tu. Hapo simfuati. Palm Jumeirah, kisiwa cha umbo la mtende kilichoanza kujengwa 2001, imeungwa na bara kwa daraja, na tangu 2009 ina treni ya reli moja. Mgeni anapanda teksi uwanja wa ndege, muda si mrefu yuko hoteli ya Atlantis. Lakini The World, vile visiwa kama 300 vilivyopangwa kwa sura ya ramani ya dunia, huendi ila kwa boti au helikopta. Hapo ndipo biashara inapokwama, kwa sababu si mgeni tu anayevushwa. Na saruji, na mpishi, na takataka pia. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipopiga, ujenzi ukasimama, na vingi hadi leo ni mchanga mtupu. Palm Jebel Ali, kisiwa kingine cha umbo la mtende, nayo ilianza 2002, ikalala miaka mingi, ikazinduliwa upya 2023.

Halafu makala haikugusa kabisa bahari yenyewe. Mchanga wa jangwani chembe zake ni laini mno na haushikamani, kwa hiyo ulikombwa chini ya Ghuba ya Uajemi. Ukuta wa kuzuia mawimbi wa Palm Jumeirah ulipoziba, maji yakakosa mzunguko, ikabidi mapengo yafunguliwe. Na fukwe za namna hii lazima zitunzwe, maana mawimbi hayana likizo. Gharama hizo anazibeba nani, mwenye hoteli au serikali? Hilo ningependa mwandishi alijibu kabla hajatuuzia ndoto.