Posti-roki ikiacha dramu, nani atabeba mwendo?

Albamu ya ÁTTA ya Sigur Rós, kundi la Iceland la posti-roki (roki inayojengwa polepole kwa ala kuliko maneno), ilitoka Juni 2023 ikiwa karibu haina dramu. Mpigaji dramu wao, Orri Páll Dýrason, aliondoka 2018 na nafasi yake haikujazwa. Kjartan Sveinsson akarejea kwenye kinanda, na kazi kubwa wakakabidhiwa London Contemporary Orchestra chini ya Robert Ames.

Wasiopenda mwelekeo huu wana hoja nzito. Posti-roki husimama juu ya mvutano: gitaa moja, kisha la pili, dramu zinaingia, mlipuko. Ukiondoa mlipuko unabaki na ukungu wenye sura nzuri. Watetezi nao hujibu kwamba mbinu hiyo imechakaa, msikilizaji anaunusa mlipuko dakika tatu kabla. Tena Jónsi, mwimbaji na mpigaji gitaa wa Sigur Rós, amekuwa akipiga gitaa kwa upinde wa selo tangu zamani, kwa hiyo kuhamia kwenye okestra si kuruka ukuta.

Ninavyoona, wote wanazungumzia kelele, ilhali dramu ilikuwa saa. Ikiondoka, lazima kitu kingine kihesabu muda. Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, alilitatua hilo 1978 kwa mikanda ya sauti za waimbaji yenye urefu usiolingana: mmoja ulijirudia kila sekunde 23.5, mwingine karibu 26, mwingine karibu 30. Hazikutani mahali pamoja, na kutokutana huko ndiko mwendo wenyewe. Njia ya klasiki ni nyingine: fidla inashikilia noti, selo inatembea chini yake.

Makundi mengi hukwama hapo. Huchukua kodi za gitaa (noti zinazopigwa pamoja), yaani noti ya msingi na ya tano, wakazigawia fidla zilivyo. Hakuna sauti inayotembea, na wapigaji wanne wa fidla na selo wanasikika kama kitufe kimoja cha kinanda cha umeme. Kisha wanawarekodi mara nne ili waonekane okestra. Ala zilezile, chumba kilekile, matokeo ni kama plastiki. Heri kubadilisha viti na umbali wa mikrofoni kila safari, au kuwaacha wanne wabaki wanne.

Mwangwi nao ni mtego. Gitaa lenye mwangwi wa sekunde 8 hugombana na selo kwenye masafa ya kati ya Hz 200 na 400, na kodi ikibadilika kila sekunde 4, ile ya zamani bado inanguruma juu ya mpya. Punguza gitaa katika masafa hayo, au fupisha mwangwi hadi sekunde 3. Kubana sauti, yaani kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ili albamu isikike kwa nguvu hakusaidii: Spotify husawazisha nyimbo kuelekea -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), na minong'ono uliyoirekodi kwa shida ndiyo inayopotea kwanza.

Jukwaani watetezi wana kazi ngumu zaidi. Mikrofoni ya fidla hunasa spika ya gitaa iliyo mita mbili nyuma yake, na ukiongeza fidla unaongeza gitaa.