Pikapu au ngalawa?

Pesa zote zile, kumbe nimenunua ngalawa! Pikapu yangu ya umeme ikiwa barabara ya Houston kwenda Dallas, pale lami inapokutana na daraja, mkia unanyanyuka, unashuka, unanyanyuka tena, halafu unajifikiria kama uongeze mara ya tatu. Juzi mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma. Hakusema neno. Kafungua dirisha, akaomba ndimu.

Muuzaji ananijibu eti ndivyo zilivyo, betri ni nzito. Sawa, gari lina karibu tani 3 na betri imelala chini ya sakafu, kwa hiyo springi lazima ziwe ngumu. Lakini springi ikishabonyea itarusha tu, ndiyo tabia yake. Wa kuituliza ni shokapu, na hizi nilizopewa ni laini kama uji wa mgonjwa.

Na washauri nao! Mmoja kasema nipakie mifuko ya mchanga nyuma. Nikapakia. Sasa tunaelea mimi na mchanga, tena polepole zaidi. Mwingine: punguza upepo wa matairi. Nikapunguza, vishimo vidogo vikapungua makali, mkia ukabaki kucheza vilevile, na chaji ikawa inakwisha upesi.

Ijumaa nampelekea fundi anifungie shokapu ngumu zaidi za nyuma, kwa bei ambayo mke wangu asiione. Mama mkwe anarudi Dallas Jumapili. Kwa basi, kasema.